UZI: Kuusoma uvimbe wa GIST kwenye CT, na kwa nini kipimo cha sentimita hakitoshi

#1 Pichani

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Nimesoma maswali mengi hapa kuhusu majibu ya CT ya tumbo, na mengi yanaishia kwenye jambo moja: uvimbe una ukubwa gani? Kwa saratani nyingi swali hilo lina uzito wake. Kwa uvimbe wa stroma wa njia ya chakula, ule ambao hospitalini tunauita GIST, ukubwa ni sehemu tu ya habari, na kuna wakati unampotosha daktari akamnyima mgonjwa dawa inayomsaidia. Mimi ni daktari wa radiolojia, na ninaandika uzi huu kwa ajili ya madaktari wanaoanza kusoma picha, wateknolojia wanaozipiga, na ndugu wanaouguza ambao wamepewa ripoti mkononi bila maelezo.

Nianze na chanzo, kwa sababu karibu kila kinachoonekana kwenye picha kinatokana nacho. Saratani nyingi za tumbo na utumbo huanzia kwenye utando wa ndani, pale chakula kinapopita. GIST huanzia ndani ya misuli ya ukuta, kwenye seli za Cajal, zilizopewa jina la mwanasayansi wa Hispania Santiago Ramón y Cajal, ambazo kazi yake ni kuratibu mwendo wa kusukuma chakula. Mwaka 1998 watafiti wa Japani, Seiichi Hirota na wenzake, walionyesha kwamba uvimbe huu mara nyingi una mabadiliko katika jeni ya KIT, na mwaka 2003 ikabainika kwamba baadhi yake una mabadiliko katika jeni nyingine, PDGFRA. Kabla ya hapo uvimbe mwingi wa aina hii uliandikwa kuwa ni wa misuli laini tu, kwa hiyo ukikutana na jalada la zamani lenye neno leiomiosakoma ya tumbo, usilipokee bila kuuliza.

Takriban asilimia 60 ya GIST hupatikana kwenye tumbo la chakula na takriban 30 kwenye utumbo mwembamba. Sehemu inayobaki hugawanyika kati ya duodenamu, puru na, kwa nadra, utumbo mpana na umio.

Kwa kuwa uvimbe umeanzia kwenye misuli, mara nyingi hukua kuelekea nje, kwenye nafasi iliyo wazi ya fumbatio (uwazi wa mwili unaobeba tumbo la chakula, ini na utumbo), badala ya kuziba njia. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuwa na uvimbe mkubwa huku anakula vizuri na anapata choo. Kinachomleta hospitali mara nyingi ni upungufu wa damu usioeleweka, choo cheusi, au kitu kigumu alichokigusa mwenyewe tumboni. Endoskopi nayo inaweza kuona tuta laini tu au kidonda kidogo, na kinyama (kipande kidogo cha tishu cha kupimwa maabara) kilichochukuliwa juu juu kikarudi na majibu ya kawaida, kwa kuwa ugonjwa uko chini ya utando. CT ndiyo inayoonyesha upande wa pili wa ukuta.

Uvimbe mdogo, tuseme wa chini ya sentimita 5, kwa kawaida ni wa duara, mpaka wake ni safi, na baada ya kontrasti (dawa ya kung'arisha picha) hung'aa kwa usawa. Unapokua sura hubadilika. Damu haitoshelezi tena sehemu ya katikati, tishu hufa, damu huvujia ndani, na vifuko vya majimaji hujitokeza, hivyo tunaona ukanda wa pembeni unaong'aa na katikati penye giza. Iwapo sehemu hiyo iliyokufa itafungua njia kuelekea ndani ya tumbo, hewa na majimaji huingia kwenye pango, na msomaji mwenye haraka anaweza kuliita jipu. Kalsiamu inaweza kuwemo, lakini si jambo la kawaida kabla ya matibabu.

Shida kubwa kwa uvimbe wa sentimita 12 au 15 ni kujua umetoka wapi. Umejaza upande wa kushoto wa fumbatio, unagusa tumbo, kongosho, wengu na matumbo, na kila kiungo kinaonekana kuwa mshukiwa. Hapa ninawashauri wenzangu wadogo wasibaki kwenye picha za mkato wa mlalo peke yake. Panga upya picha kwa mkato wa mbele na wa ubavuni, tafuta mahali ambapo ukuta wa tumbo unaingia kwenye uvimbe badala ya kusukumwa tu kando, kisha fuata ateri inayoulisha hadi ilikotoka. Ateri inayotoka kwenye shina la ateri linalolisha tumbo la chakula inakwambia jambo moja, na ateri inayotoka kwenye mesenteri (utando unaoshikilia utumbo) inakwambia jingine. Nimeona uvimbe ulioitwa wa kongosho ambao kwa hakika ulikuwa unaning'inia kwenye ukuta wa nyuma wa tumbo kwa shina jembamba.

Kuhusu kusambaa, kumbukeni sehemu mbili: ini na utando wa fumbatio. Tezi za limfu mara nyingi huwa salama, na maji tumboni si ya kawaida hata pale vinundu vya fumbatio vinapokuwa vingi. Kuna kundi dogo la GIST lenye upungufu wa kimeng'enya cha SDH ambalo huvunja kanuni hiyo ya tezi. Kundi hilo hukaa kwenye tumbo la chakula, huwapata zaidi watoto na wanawake vijana, na mara nyingi vinundu huwa zaidi ya kimoja. Basi msichana wa miaka 17 mwenye vinundu kadhaa tumboni na tezi zilizovimba asiondolewe kwenye orodha ya GIST kwa sababu ya tezi hizo.

Karibuni kwa maswali.

#2 Chumba cha Mionzi

Ahsante sana daktari kwa uzi huu. Mimi ni mteknolojia wa radiolojia. Kwetu tumezoea kumnywesha kila mgonjwa wa CT ya tumbo kontrasti nyeupe, halafu tunapiga awamu moja tu, yaani seti moja ya picha, baada ya kuchoma dawa kwenye mshipa. Je, kwa mgonjwa anayeshukiwa GIST utaratibu huo unatosha? Ninauliza pia kwa kuwa kila awamu inaongeza mionzi.

#3 Pichani

Swali lako ni zuri, na jibu lake ndilo linaloamua iwapo mimi ninayesoma nitaona kitu au sitaona.

Tumia maji. Mgonjwa akinywa maji kati ya nusu lita na lita moja, sehemu ya mwisho akiwa tayari karibu na mashine, tumbo hutanuka na ukuta wake huonekana vizuri dhidi ya maji yaliyo meusi kwenye picha. Kontrasti nyeupe hufunika ule mng'ao wa utando na wa uvimbe ambao tunautafuta. Tumbo lililosinyaa ni adui mkubwa zaidi kuliko mashine ya zamani, kwa sababu mikunjo yake inaweza kuficha uvimbe wa sentimita 2 au kuigiza uvimbe ambao haupo.

Kwa picha ya kwanza, kabla ya matibabu, ninaomba awamu ya ateri, kama sekunde 35 hadi 40 baada ya kuanza kuchoma dawa, na awamu ya vena ya porta (mshipa unaopeleka damu ya utumbo kwenye ini), kama sekunde 60 hadi 70. Sababu yake iko kwenye ini. Baadhi ya vinundu vya GIST vina damu nyingi, hung'aa kwenye awamu ya ateri, kisha kwenye awamu ya vena hulingana rangi na ini na kutoweka machoni. Ukipiga awamu ya vena peke yake, kuna wagonjwa utakaowaandikia kwamba ini ni safi ilhali si safi, na kosa hilo litamrudia mgonjwa miezi mitatu baadaye kwa namna nitakayoieleza mtu akiuliza kuhusu dawa. Picha isiyo na kontrasti ni ya thamani pale tunaposhuku uvimbe unavuja damu. Katika ufuatiliaji wa kawaida si lazima kurudia kila kitu, na hoja yako ya mionzi ni ya haki kabisa, hasa kwa vijana.

Kwa uvimbe wa puru, omba MRI ya nyonga ikiwezekana. CT huko haionyeshi vizuri uhusiano wa uvimbe na misuli ya kubana choo, na mpasuaji anauhitaji uhusiano huo kuliko kitu kingine chochote.

#4 Mpasuaji Chipukizi

Daktari, heshima yako. Mimi niko kwenye mafunzo ya upasuaji. Ninapopokea ripoti yenye neno GIST, nifikirie nini kuhusu kuchukua kinyama kabla ya upasuaji? Wakubwa zangu wanatofautiana. Na je, ni mambo gani ambayo wewe unaona ripoti ya CT isipoyataja imetunyima?

#5 Pichani

Wakubwa zako wanatofautiana kwa sababu inategemea kitakachofuata. Kama uvimbe unaonekana wazi kuwa unaweza kutolewa wote kwa usalama, na sura yake inalingana na GIST, upasuaji unaweza kuendelea bila kinyama. Kama kuna mpango wa kuanza dawa kwanza ili uvimbe upungue, au kama limfoma (saratani ya seli za limfu) bado inawezekana, au kama tayari umesambaa, kinyama ni lazima, kwa kuwa huwezi kumwanzishia mtu imatinib, vidonge vya kutibu GIST, kwa kukisia. Njia inayopendelewa ni sindano inayoongozwa na ultrasaundi ya ndani ya endoskopi, inayopita kwenye ukuta wa tumbo lenyewe. Sindano inayopita kwenye ngozi hadi kwenye uvimbe laini uliojaa damu na tishu iliyokufa ina hatari ya kuupasua na kumwaga seli kwenye fumbatio, ingawa uvimbe wa ini uliokwisha kusambaa unaweza kuchomwa kwa njia hiyo.

Kupasuka kwa uvimbe ni jambo ninalotaka mlichukulie kwa uzito mkubwa. Katika mpangilio wa hatari uliotolewa na Heikki Joensuu mwaka 2008, uvimbe uliopasuka, uwe umepasuka wenyewe au mikononi mwa mpasuaji, humweka mgonjwa moja kwa moja kwenye kundi la hatari kubwa. Kwa hiyo ripoti ya CT inapaswa kusema kama ukuta wa uvimbe umekatika mahali, na kama kuna damu kwenye fumbatio.

Jambo la pili ambalo ripoti haipaswi kukunyima ni kiungo ambacho uvimbe umetoka. Hili si la kukusaidia kuchagua mahali pa kupasua peke yake. Miettinen na Lasota, katika kazi yao ya mwaka 2006 iliyofuatilia wagonjwa wengi kwa miaka mingi, walionyesha kwamba uvimbe wa zaidi ya sentimita 5 hadi 10 wenye mgawanyiko mdogo wa seli, usiozidi 5 katika sehemu 50 za hadubini, uliendelea kuwa ugonjwa mbaya kwa asilimia 3.6 ya wagonjwa kama ulikuwa wa tumbo la chakula, na kwa asilimia 24 kama ulikuwa wa utumbo mwembamba. Ukubwa ni uleule na seli zinagawanyika kwa kasi ileile. Kilichobadilika ni mahali. Ripoti inayosema tu kwamba kuna uvimbe wa sentimita 7 upande wa kushoto wa fumbatio imeacha nje habari inayoweza kubadilisha uamuzi wa kumpa mgonjwa dawa baada ya upasuaji kwa miaka mitatu au kutompa kabisa.

Baada ya hayo ripoti ikuambie kama uvimbe umeshika kiungo cha jirani au umekigusa tu, mishipa mikubwa iko umbali gani, na ini na fumbatio vikoje. Hesabu ya mgawanyiko wa seli CT haiwezi kuitoa, na ningependa wenzangu wa radiolojia waache kuandika neno hatari ndogo kwa kuangalia picha peke yake.

#6 Daktari wa Wodi

Kwetu Afrika Mashariki mgonjwa akiwa na uvimbe tumboni, anapungua uzito na ana homa, wengi huwaza kifua kikuu cha tumbo kwanza, kisha limfoma. Picha inawatenganishaje na GIST?

#7 Pichani

Tezi za limfu ndizo huwatenganisha mapema zaidi. Kifua kikuu cha tumbo mara nyingi huja na tezi zenye katikati nyeusi na kingo zinazong'aa, unene wa ukuta kwenye makutano ya utumbo mwembamba na mpana, na maji ya fumbatio, mambo ambayo GIST kwa kawaida haina. Limfoma hunenepesha ukuta kwa urefu mkubwa, huleta tezi nyingi kubwa, na inaweza kuutanua utumbo badala ya kuubana. Saratani ya kawaida ya tumbo huharibu utando wa ndani, hubana njia na hufuata tezi.

Wanaosumbua kweli ni ndugu wa karibu. Leiomioma ya tumbo (uvimbe wa misuli laini usio saratani) hupenda eneo la juu karibu na umio na hung'aa kidogo na kwa usawa, na kwenye umio wenyewe ni ya kawaida kuliko GIST. Schwanoma ya tumbo (uvimbe wa ala ya neva) hubaki ya rangi moja hata ikiwa kubwa, na inaweza kuambatana na tezi zilizovimba jirani yake bila kuwa saratani. Hapo picha hufika mwisho wake, na mpatholojia huchukua kazi kwa vipimo vya CD117 na DOG1, protini zinazopatikana kwenye seli za GIST. Na mgonjwa mwenye mabaka ya rangi ya kahawa na vinundu vya ngozi vya neurofibromatosisi akiwa na vinundu kadhaa kwenye utumbo mwembamba, iweke GIST mbele kabisa.

#8 Mpwa wa Mama Mdogo

Shikamoo daktari. Mimi si mtu wa afya. Ninamuuguza mama yangu mdogo, ana GIST ya utumbo mwembamba iliyofika kwenye ini. Alianza imatinib miligramu 400 kwa siku, na baada ya miezi mitatu amepigwa CT. Ripoti inasema uvimbe mkubwa umetoka sentimita 8.0 kwenda 8.4, na kwenye ini kuna vinundu viwili vipya. Tumeambiwa dawa huenda imeshindwa. Lakini yeye mwenyewe anasema maumivu yamepungua na anakula. Tushike lipi?

#9 Pichani

Marahaba, na pole sana kwa kuuguza. Siwezi kumtibu mama mdogo kupitia jukwaani, na uamuzi ni wa daktari wake wa saratani aliye na picha mbele yake. Lakini swali lako ndilo lililonifanya nifungue uzi huu, na ninataka uende kwake ukiwa na maswali sahihi.

Imatinib ilitumika kwa mara ya kwanza kwa mgonjwa wa GIST mwezi Machi 2000 huko Helsinki, Finland, na tangu mwanzo ilionekana kwamba dawa hii inaweza kuua uvimbe bila kuupunguza haraka. Seli hufa, mishipa midogo ya damu hupotea, na mahali pake panajaa majimaji mazito. Uvimbe uliokufa unaweza kubaki na ukubwa wake kwa miezi, na mwanzoni unaweza hata kuvimba kidogo kwa sababu ya majimaji hayo au damu iliyovujia ndani. Kigezo cha kawaida cha saratani, RECIST, husubiri kipenyo kipungue kwa asilimia 30 ndipo kiseme dawa imejibu, na kwa GIST kusubiri huko ni kukosa kuiona dawa ikifanya kazi.

Mwaka 2007 Haesun Choi na wenzake wa kituo cha saratani cha MD Anderson, Houston, walichapisha kigezo kingine. Wao hupima ukubwa na pia msongamano wa tishu ndani ya uvimbe kwenye awamu ya vena ya porta, kwa kipimo cha Hounsfield, ambapo maji ni 0 na tishu inayopokea damu vizuri iko juu zaidi. Ukubwa ukipungua kwa asilimia 10 au zaidi, au msongamano ukipungua kwa asilimia 15 au zaidi, na pasiwe na ugonjwa mpya, hilo ni jibu la dawa. Chukua mfano: uvimbe umeongezeka kutoka sentimita 8.0 hadi 8.4, ambayo ni asilimia 5, lakini msongamano umeshuka kutoka 75 hadi 40. Hiyo ni karibu nusu. Kwa kigezo cha Choi uvimbe huo umejibu vizuri, hata kama rula inasema umekua.

Vile vinundu viwili vipya vya ini vinahitaji uangalifu uleule. Nilimweleza ndugu wa Chumba cha Mionzi kwamba kinundu chenye damu nyingi kinaweza kufanana rangi na ini kikajificha. Dawa ikikiua, hugeuka cheusi na kuonekana waziwazi, na msomaji asiyerudi kwenye picha za kwanza atakiita kipya. Basi muulize daktari wa mama mdogo mambo haya matatu: je, picha ya kwanza ilikuwa na awamu ya ateri, je, vinundu hivyo vina sura ya majimaji au vinang'aa, na msongamano wa uvimbe mkubwa umebadilika kwa kiasi gani? Kinundu kipya kinachong'aa kweli ni habari mbaya na kitahitaji hatua. Kinundu cheusi, laini, kwa mgonjwa anayepata nafuu, mara nyingi si ugonjwa mpya.

Kwa sasa asiache vidonge kwa hiari yake. Na mkienda, bebeni CD ya picha zote mbili, kwa sababu karatasi ya ripoti haiwezi kupimwa msongamano.

#10 Mpwa wa Mama Mdogo

Ahsante sana daktari, Mungu akubariki. Tuna miadi Alhamisi, na CD zote mbili ninazo. Ripoti pia imetaja maji kidogo tumboni na uvimbe chini ya ngozi. Hilo nalo niliulizie?

#11 Pichani

Uliulizie. Imatinib hufanya mwili ubaki na maji, na kwenye CT tunaona maji kidogo ya fumbatio au ya kifua na ngozi iliyovimba, wakati mwingine pamoja na kope kuvimba asubuhi. Maji hayo peke yake hayathibitishi kwamba saratani imesambaa. Mtajieni daktari kama uzito umepanda ghafla au anapata shida kupumua, na msisubiri Alhamisi kama kupumua kunamsumbua.

#12 Chumba cha Mionzi

Daktari, swali moja la mwisho. Uvimbe uliokwisha kuwa mweusi wote, tunaendelea kuutafutia nini katika picha zinazofuata?

#13 Pichani

Kinundu ndani ya kifuko. Ugonjwa uliokuwa umelala unapoanza kuishinda dawa, mara nyingi hauanzi kwa kuukuza uvimbe wote. Huanza na kipande kidogo kinachong'aa, kimeshikamana na ukuta wa ndani wa ule uvimbe mweusi, huku kipenyo cha nje hakijabadilika hata milimita. Choi na wenzake walikihesabu kinundu cha namna hiyo kuwa ni ugonjwa kuendelea. Kwa hiyo punguza upana wa dirisha la picha unapolitazama ini, linganisha na picha zote za nyuma badala ya ile ya mwisho tu, na kwenu wateknolojia, ninaomba muda wa kupiga baada ya kontrasti uwe uleule kila mara. Ukipiga leo sekunde 50 na safari ijayo sekunde 80, msongamano utabadilika bila uvimbe kubadilika, na hesabu yote ya asilimia 15 itakuwa haina maana.